Binti wa Delfina

Onorina alishuka Toronto akiwa msichana wa milimani, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kuzabwa makofi, na lugha moja tu aliyokuwa nayo kweli. Kiitalia alikisikia shuleni na kanisani, tena kwa mbali, kama unavyosikia wakubwa wakizungumza chumba cha pili. Cha kwao Friuli kilikuwa Kifriuli. Ndicho mama yake Delfina alichoitia kuku, ndicho alichomgombezea, ndicho alichosalia radi ilipopiga juu ya paa. Huko kwao mtu wa Kiitalia alikuwa karani au askari, na mama zao walikuwa wakimwona anapanda njia, wanavua aproni haraka na kusimama wima.

Akafanya kazi za ndani, kisha kiwanda cha kushona makoti, na hapo kiwandani ndipo alipoonwa na dada yake Cosimo Femia. Femia walikuwa Wakalabria, watu wa kusini kabisa. Kama hukukulia kati yetu utasema wote ni Waitalia, shida iko wapi? Waulize waliooana. Wafriuli wenzake walimuuliza kama amekosa mtu mpaka aende kwa walamba pilipili. Upande wa Cosimo nao walisema kijana wao amekwenda kumwokota mla ugali, kwa sababu Friuli watu wanakula ugali wa mahindi ya njano kama sisi wengine tunavyokula mkate, na kusini chakula hicho ni cha kuku. Harusi ilikuwa na watu wengi upande mmoja wa kanisa. Upande wa pili mabenchi yalikaa matupu.

Nyumba ya kina Femia ilikuwa karibu na barabara ya St. Clair, na ilikuwa na majiko mawili kama nyumba zetu zote. La juu lilikuwa la kung'aa, la kuonyesha wageni, na hakuna aliyewahi kukaangia hata yai pale. La chini, karibu na mapipa ya divai, ndilo lililokuwa la kupikia, na huko chini alitawala mama mkwe, Nunziata. Mwanamke mfupi, mweusi wa nguo toka alipofiwa, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na yake.

Onorina alipozaa mtoto wa kwanza, alikuwa akimbembeleza kwa maneno ya kwao. Nunziata alimsikiliza siku mbili tatu kisha akamwambia mbele ya wifi zake wote, "Mkwe, mjukuu wangu atalelewa kwa lugha ya watu. Hiyo yako ni ya mabata bukini."

Wakacheka. Cosimo naye akacheka kidogo, halafu akaona uso wa mkewe akanyamaza. Toka siku hiyo Onorina akambembeleza mtoto kwa kimya, kwa kumtikisa tu, mpaka alipopata nyimbo za Kikalabria za kutosha.

Na alizipata. Hakuna aliyejifunza kama yeye. Alijifunza namna ya kumeza mwisho wa neno, namna ya kukunja vidole wakati wa kubishana, matusi ya kumtukana muuza nyama na majina ya heshima ya kumwita mzee wa kijiji. Akajifunza kuanika pilipili, kutia nyanya za mwaka mzima katika chupa, kulia matangani kama walivyolia wao. Siku moja muuza samaki alimuuliza ametoka kijiji gani cha Kalabria, maana anasema kama shangazi yake. Onorina alirudi nyumbani anatabasamu peke yake, mfuko wa samaki ukimchuruzikia mguuni. Ile ilikuwa siku yake ya fahari, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu walipokuja kusimulia habari zake walimlaumu Nunziata peke yake.

Elda alikuwa analijua hilo. Elda alikuwa Mfriuli wa kijiji cha jirani na kwao, ameolewa na Mfriuli mwenzake, fundi wa kutia sakafu za mawe, na nyumbani kwao hakijawahi kusemwa kitu kingine. Kila akikutana na Onorina sokoni alimsalimu kwa Kifriuli, na Onorina akamjibu kwa Kiitalia. Mwishowe Elda alimwambia, huku akichagua vitunguu, "Wewe umekuwa Mkalabria kuwapita Wakalabria wenyewe." Toka hapo Onorina alipomwona anatokea upande huu, yeye alivuka upande ule.

Mama yake alikuwa bado yuko kule mlimani. Delfina hakujua kusoma, na Onorina hakujua kuandika cha kutosha, kwa hiyo padri wa huku aliandika na padri wa kule alisoma, na majibu yakarudi hivyo hivyo, kwa Kiitalia kizuri cha mapadri. Mama mzima, watoto wazima, theluji nyingi, Mungu awabariki. Simu haikuwepo kijijini ila kwa mwenye baa. Miaka ikapita, mama na binti wakipendana kwa midomo ya mapadri wawili, na hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake.

Kisha mwaka sabini na sita, mwezi wa Mei, ardhi ya Friuli ikatetemeka. Mnaokumbuka mnakumbuka. Vijiji vililala chini kama mtu aliyechoka. Delfina, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, alifunikwa pia na nyumba yake, na waliomfukua ni askari vijana wa kusini. Akalazwa hemani. Makarani wakaja kumuuliza jina, tarehe, vyumba vingapi, mbuzi wangapi, nao wengi walikuwa wa kusini vilevile. Majira yote ya joto yule mama alihojiwa gizani na sauti za kusini.

Cosimo ndiye aliyesema aletwe. Alisema mezani, bila kumtazama mama yake, kwamba mama wa mke wake hawezi kulala hemani majira ya baridi. Nunziata akatafuna, akameza, akasema chumba cha chini kipo, lakini pilipili yake haiachi kwa ajili ya mtu.

Wakampokea uwanja wa ndege mwezi wa Oktoba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusukumwa, mdogo kuliko alivyokuwa katika kumbukumbu ya bintiye, miguuni viatu vya kitambaa vya kushonwa kwa mkono, na mapajani sufuria ya shaba ya kusongea ugali, nyeusi nje, upande mmoja umebonyea. Hiyo tu ndiyo iliyotoka chini ya kifusi pamoja naye. Onorina alimwangukia shingoni. Alikuwa amejiandalia maneno safari nzima ya garini, akayatafuna na kuyarudia. Lakini moyo ulipojaa, kilichotoka kinywani kilikuwa Kikalabria cha St. Clair. Mama, ni mimi, nipo, ni mimi.

Yule mama akajinyoosha katika kiti chake, akavuta kitambaa cha kichwa vizuri.

"Ahsante sana, bibi," alisema. "Wewe ni wa serikali?"

Waliokuwepo walicheka. Walisema ni uchovu, ni ndege, kesho ataamka na akili zake. Onorina naye alicheka. Alipofika kwenye gari akaketi nyuma, akamshika mama mkono, na mama akauacha mkono wake ushikwe kama unavyouacha kwa daktari.

Lakini kesho haikuleta kitu. Wala kesho kutwa. Na msidhani Delfina alikuwa amepotewa na akili, hapana. Alijua yuko Toronto, alijua ametokea kwenye tetemeko, alijua binti yake yuko mji huu na ameolewa. Alichokuwa akingoja ni huyo binti aje amchukue kutoka nyumba hii ya wema ya watu wa kusini.

Onorina alielewa kila neno la mama yake. Hapo ndipo penye uchungu. Maneno yote yalipoingia masikioni yalikaa mahali pake, la kuni, la theluji, la jina la utani la babu. Kutoka ndiko kulikokataa. Alianza sentensi kwa Kifriuli, na katikati likaingia neno la Nunziata, limevaa lafudhi ya Nunziata, na mwisho wake umemezwa. Alichukua mkono wa mama akauweka usoni mwake. Vidole vikapita polepole kwenye paji, mashavu, kidevu cha pili. Mama akasema bibi ana uso mzuri wa kushiba, Mungu amzidishie, ila binti yake ni mwembamba, uso kama wa mbuzi jike.

Onorina hakukata tamaa. Kila asubuhi, akimchana nywele, alijaribu. Na Delfina, ambaye kwa watoto wake hakuwa na subira kamwe, kwa huyu bibi alikuwa na subira yote. Alimsahihisha. Alimrudishia neno limenyooka, kisha akamngoja alirudie.

"Unajitahidi sana, bibi," alimwambia siku moja. "Nani amekufundisha?"

Onorina akaweka kitana mezani, akapanda juu, akaingia katika lile jiko la wageni lisilopikiwa, akaketi pale kwenye kiti kilichofunikwa plastiki mpaka mama mkwe alipomwita.

Siku Cosimo alipozika mtini wake, Delfina alikuwa ameketi karibu na mlango wa uani. Wanaume wetu hapa kila vuli wanachimba shimo refu, wanaukata mtini mizizi ya upande mmoja, wanaulaza, wanaufunika mbao na udongo, maana ukiuacha wima baridi itauua. Yule mama alisikia koleo, akasikia wanaume wakihema na kuelekezana jinsi ya kuulaza taratibu. Akafanya ishara ya msalaba akauliza nani amefariki. Onorina alitaka kumwambia ni mti, mama, mti wa tini, utafukuliwa wakati wa Pasaka. Akalitafuta jina la mtini. Alikuwa ameupanda mtini kwao utoto wake wote, ameanguka kutoka juu yake akavunja jino, na jina halikuja. Mama yake akamwombea marehemu.

Kula, alikuwa hali. Chakula cha Nunziata kilimchoma midomo, na Nunziata aliona ni matusi. Akapunguza pilipili, kisha akapunguza tena, huku akinung'unika kwamba sasa wanakula chakula cha hospitali. Bado sahani ilirudi vilevile. Basi Onorina akaisugua ile sufuria ya shaba kwa siki na chumvi, akanunua unga wa njano, akasonga. Zaidi ya miaka ishirini hakuwa amesonga. Mikono haikuuliza. Ilijua wakati wa kunyunyiza unga, wakati wa kugeuza mwiko, wakati ugali unapojitenga na ukingo. Akaumwaga juu ya ubao, akaukata kwa uzi, kipande akakiweka kiganjani mwa mama.

Delfina alinusa kwanza. Akala. Akala chote, na machozi yakamtoka bila kelele, yakapita katika mikunjo kama maji yanayojua njia.

"Kuna mtu wa kwetu humu ndani," alisema. "Mwiteni huyo mpishi."

Onorina akamwambia ni yeye. Alilisema vizuri, hilo alilisema vizuri kabisa. Yule mama akampapasa mkono akacheka, akasema bibi ni mwema, lakini huu umesongwa na mtu wa kwao, yeye si mtoto wa kudanganywa.

Februari homa ya mapafu ikamshika. Daktari akaja akaondoka, akawaambia nini cha kutegemea. Padri akaja naye Delfina akamkatalia mlangoni. Alisema hatapakwa mafuta mpaka binti yake afike. Anataka kumbariki kwanza, kwa dole gumba pajini, kama mama yake alivyombariki yeye na mama wa mama yake. Akishafanya hilo padri aingie, kabla ya hapo hapana. Na kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa kutoka kwenye mto akauliza, "Onorina ameshafika?"

Onorina, ameketi hapo hapo, mkono wake ndani ya mkono wa mama.

Alikaa hivyo mpaka kupumua kulipoanza kukwaruza. Ndipo akavaa koti, akatoka kwenye theluji mchana kweupe, akaenda nyumba ambayo alikuwa akiikwepa kwa kuvuka barabara miaka yote ile. Elda alifungua akamtazama kutoka viatu mpaka kichwa. Onorina alikuwa amejiandaa kutukanwa na alikuwa tayari kumeza. Elda hakumtukana. Alimsikiliza, akavua aproni, akasema tu, "Ungekuja mapema, mjinga wewe," na akatangulia mbele.

Mpango ulikuwa rahisi. Elda amweleze mama kwa Kifriuli kilichonyooka kwamba huyu unayemwita bibi ndiye binti yako. Mtu wa kwao akisema, mama ataamini. Onorina aliurudia mpango huo njia nzima, pumzi ikitoka kinywani mwake kama moshi, na uso wake, Elda alisema baadaye, ulikuwa kama wa msichana anayekwenda sherehe.

Wakashuka chini. Onorina akaushika tena mkono wa mama, na Elda akainama kitandani, akaanza salamu za kwao, zile ndefu. Hakufika mbali. Yule mama aliposikia sauti ile, kila neno mahali pake, wimbo wa mlimani wenyewe, uso wake mzima ulifunguka.

"Onorina," alisema. "Umechelewa, mwanangu. Lakini umekuja."

Na mkono wake ukatoka katika mkono wa binti yake, ukaanza kupapasa hewani kuelekea ile sauti.

Elda alinyanyuka kama aliyeungua. Akamgeukia Onorina, akamwambia kwa Kiitalia, chini chini, kwamba hawezi, ni dhambi, ngoja amwambie ukweli sasa hivi. Onorina alimtazama mama. Hakuna aliyekuwa amemwona Delfina hivyo toka ashuke kwenye ndege. Amekaa kama mtu aliyeletewa taa.

Ukweli ungechukua muda gani? Na mama angeamini? Au angekufa anabishana na makarani?

"Mjibu," alisema Onorina.

"Onorina, hapana."

"Mjibu, Elda. Anangoja."

Elda akapiga magoti. "Nipo, mama," alisema, na akainamisha kichwa, na lile dole gumba likapata paji lake, likachora msalaba, mdogo, polepole, na maneno ya baraka yakasemwa juu yake mpaka mwisho. Onorina alikuwa amesimama nyuma, mikono imeshika ukingo wa meza. Aliyajua maneno yale yote.

Nunziata alikuwa mlangoni na bakuli la mchuzi. Hakuelewa hata neno moja, lakini mkono ulipo alipaona, na kichwa gani pia. Akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Mwondoe huyo mwanamke pale," alisema kwa Kikalabria. "Baraka ile ni yako. Mwambie mama yako, mwambie kwa lugha yenu, sema!"

Onorina akamjibu bila kugeuka, katika Kikalabria ambacho hata shangazi wa muuza samaki asingekitoa kasoro. "Ungeniacha niiseme, mama, ningekuwa nayo leo."

Nunziata akafunga mdomo. Watu wa nyumba ile wanasema hawakuwahi kuliona hilo.

Kitandani Delfina aliuliza ni nani wanaogombana. Elda akafuta uso akamwambia ni wenye nyumba tu, mama. Delfina akasema wenye nyumba ni watu wema, hasa yule bibi mnene wa mikono laini, anayemchana nywele kila siku na kujifunza maneno bila kuchoka. Kisha akakaa kidogo akivuta pumzi, na akatoa wosia wake, kwa kuwa alikuwa na kitu kimoja tu cha kuacha duniani.

"Sufuria yangu mpe yeye," alimwambia binti yake. "Wewe unazo zako. Yeye ajifunze kusonga."

Padri akaingia. Delfina alifariki siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, na Elda ndiye aliyekuwa upande wa kichwa. Onorina alikuwa miguuni, akimpasha nyayo kwa viganja.

Matangani Wakalabria walijaa, na walimlilia mama wa Onorina kwa sauti kama wa kwao. Onorina, aliyejua kulia nao, siku hiyo hakutoa sauti. Elda alikuja na mumewe, wakakaa nyuma. Alipomkumbatia Onorina alimwomba msamaha kwa Kifriuli, na Onorina akamjibu kwa Kifriuli, neno moja, zuri, limenyooka, na wote wawili wakalisikia.

Jumapili iliyofuata alishuka jiko la chini kabla ya misa, akaitundika sufuria ya shaba juu ya moto, akasonga. Nunziata akaja, akaketi kwenye kigoda chake. Ugali ulipomwagwa ubaoni ukitoa mvuke, alinyoosha mkono akachukua kipande, bila pilipili, bila chumvi ya kuongeza. Alikula huku akiangalia chini. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo ng'ambo ya barabara wasingeisikia, "Mkwe, kwenu hiki mnakiitaje?"

Onorina alikuwa ameushika uzi mkononi, akikata. Jina lilikuja lenyewe, zima, kwa sauti ya mama yake kabisa. Lilikaa ulimini likamsubiri.

"Sikumbuki, mama," alisema kwa Kikalabria, akaendelea kukata.